Tahadhari: Msikate Umeme wa Boila Ingali ya Moto

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, hasa mliofika juzijuzi kwa kazi za uuguzi na kutunza wazee na sasa mnaingia kwenye baridi yenu ya kwanza: iacheni ile swichi ya boila iliyo ukutani. Msiizime kila moto wa boila unapozimika. Msiizime mnapotoka kwenda zamu ya usiku. Msiizime kwa kudhani mnaokoa pesa. Ushauri huo unapita kutoka nyumba hadi nyumba, na kwenye makundi ya WhatsApp unapokewa kana kwamba umetoka kwa fundi: nyumba ikishapata joto, zima kabisa ukutani, la sivyo pampu itakula umeme usiku kucha. Pampu haili umeme usiku kucha. Na kukata umeme wakati boila ingali ya moto kunaumiza chombo ambacho, kikifa mwezi Januari, kitawaacha nyinyi na watoto wenu ndani ya nyumba ya baridi kwa siku nyingi huku mkimsubiri fundi.

Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa amri isiyo na sababu husahaulika bili ya kwanza ikifika.

Boila ya gesi ya nyumbani mara nyingi ina nguvu ya kilowati 24 au zaidi. Nguvu yote hiyo inapita kwenye chuma kimoja kidogo cha ndani, kilichojaa mifereji myembamba ambamo maji hupita na kupashwa moto. Boila za zamani zilikuwa na chuma kizito cha kalibu na maji mengi ndani yake. Joto la ziada lilipata pa kukaa. Boila za siku hizi si hivyo. Tangu Aprili 2005, kanuni za England na Wales zimetaka karibu kila boila mpya ya gesi iwe ya aina inayovuna joto hata kutoka kwenye moshi wake, na kiini cha boila hizo ni alumini au chuma kisichoshika kutu, chepesi, chenye maji lita chache tu. Piga hesabu. Maji lita 2 yakisimama bila kutembea na kupigwa na kilowati 24, joto lake linapanda karibu nyuzi 3 kila sekunde. Yakiwa tayari na nyuzi 60, sekunde 15 zinatosha kuyachemsha.

Kwa hiyo boila ya namna hii haiishi bila maji yanayotembea. Moto ukizimika, chuma cha ndani bado kimebeba joto kubwa, na joto hilo litaingia kwenye maji yaliyo karibu nalo, yawe yanatembea au yamesimama. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana boila nyingi zimepangwa hivi: moto uzimike kwanza, pampu iendelee kusukuma maji kwa dakika kadhaa, kisha nayo ipumzike. Madereva wa malori wa njia ya Mombasa hadi Malaba wanaifahamu kanuni hii kwa injini zao za turbo. Ukifika na mzigo mzito huzimi injini papo hapo, unaiacha ingurume taratibu kwanza, vinginevyo mafuta yanaungulia ndani.

Ili pampu iendelee, boila inahitaji umeme wa aina mbili. Waya mmoja una umeme wakati wote. Mwingine unapata umeme pale tu themostati au saa ya boila inapoomba joto. Ukishusha themostati, umeme wa waya wa pili unakatika, moto unazimika, lakini waya wa kwanza bado unailisha boila nayo inaiendesha pampu mpaka joto lishuke. Swichi ya ukutani, ile yenye fyuzi, inakata nyaya zote mbili kwa mpigo mmoja. Boila inabaki na moto tumboni na pampu iliyolala.

Nini hutokea? Siwatishi kwamba nyumba italipuka leo. Ukifanya hivyo mara moja, pengine utasikia ngurumo kidogo ndani ya boila, kama birika linalokaribia kuchemka, na basi. Maji yaliyogusa chuma yamegeuka mvuke kwa muda. Ukifanya kila usiku, msimu mzima, mambo ni mengine. London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki ya England maji yake ni mazito kwa chokaa, na chokaa hujenga tabaka pale maji yanapopata joto kupita kiasi. Tabaka hilo linazuia joto lisiingie kwenye maji, chuma kinazidi kuungua, ngurumo zinaongezeka. Kikatizi cha joto ndani ya boila kinaanza kuifunga boila kwa usalama, nawe unaamka asubuhi kukuta taa nyekundu na rejeta za ukutani zimepoa. Mwisho wake ni ufa kwenye kiini, na kiini kipya mara nyingi kina bei inayomfanya mwenye nyumba aulize kama si afadhali kununua boila nyingine.

Na zile pesa unazodhani umeokoa? Pampu ya wati 50 ikizunguka dakika 5 inatumia takriban yuniti 0.004 za umeme. Hata yuniti moja ikiwa peni 30, hiyo ni sehemu ya nane ya peni moja. Halafu fikiria pampu inafanya nini katika dakika hizo: inachukua joto ambalo umeshalilipia kwenye gesi na kulipeleka chumbani kwako. Ukizima, joto hilo linabaki kwenye boila na kupotea bure.

Sasa tuje kwenye vali, kwa sababu hatari nyingine imejificha hapo, na wapangaji wengi huisababisha bila kujua.

Nyumba zenye silinda ya maji moto kabatini kwa kawaida zina vali zinazoendeshwa kwa umeme. Mpangilio mmoja una vali mbili: moja ya kupeleka maji kwenye rejeta, nyingine ya kupeleka kwenye silinda. Mpangilio wa pili una vali moja yenye midomo mitatu inayogawa huku na kule. Chukua ule wa vali mbili. Ukiomba joto, mota ndogo juu ya vali inaifungua taratibu huku ikivuta springi. Vali ikifunguka kabisa inabonyeza swichi ndogo ndani yake, na swichi hiyo ndiyo inayoiambia boila iwake. Ni mpango mzuri sana: boila haipati ruhusa mpaka njia ya maji iwe wazi. Joto likitosha, umeme wa mota unakatwa, springi inairudisha vali na njia inafungwa kwa sekunde chache.

Hapo ndipo pa kutazama. Moto umezimika, pampu inaendelea kusukuma kama ilivyoagizwa, na vali zote mbili zimeshafungwa. Maji yaende wapi? Yanakwenda kwenye njia ya pembeni: kipande cha bomba kinachounganisha bomba la kwenda na bomba la kurudi kabla ya vali, chenye vali yake inayojifungua yenyewe presha ya pampu inapozidi. Maji yanazunguka hapo, yanarudi kwenye boila, yanachukua joto na kulipoza. Kwenye mpangilio wa midomo mitatu, mara nyingi vali hubaki ilipokuwa, hivyo njia moja inakuwa bado wazi. Boila zile za kuchemsha maji papo kwa papo, zisizo na silinda, nyingi zimejengewa njia hiyo ndani kwa ndani. Lakini hizo nazo zinahitaji umeme ili pampu izunguke, kwa hiyo onyo la swichi ya ukutani linazihusu vilevile.

Vali ya njia ya pembeni ina kishikio chenye namba, nacho kinafanana na kitu cha kurekebishia joto. Si cha kurekebishia joto. Watu hukikaza mpaka mwisho, wengine kwa kukisia, wengine kwa kuambiwa na fundi wa mtaani kwamba "maji yanapotelea hapo". Ukikikaza kabisa umeziba mlango wa mwisho wa maji. Kimepangwa kulingana na pampu ya nyumba hiyo. Usikiguse.

Hatari ni kubwa zaidi kwenye nyumba za kushirikiana, na ndiko wengi wetu tunakoanzia maisha. Watu watano au sita, kila mtu na chumba chake, kila rejeta na kichwa chake chenye namba kutoka 1 hadi 5. Kila anayetoka kwenda kazini anafunga ya kwake. Ni haki yake, na ni busara. Lakini ikifika saa mbili asubuhi wote wameondoka na wote wamefunga, na saa ya boila bado inaomba joto. Boila inawaka, pampu inasukuma, maji hayana pa kwenda. Kwa sababu hii nyumba iliyofungwa mabomba vizuri huachiwa rejeta moja isiyo na kichwa cha namba, aghalabu ya ukumbini au ile iliyo karibu na themostati kuu. Rejeta hiyo haikusahaulika, imeachwa wazi makusudi. Kisha anatokea mpangaji mwenye nia njema, anaona ukumbi usio na mtu unapashwa joto, anachukua koleo na kuifunga vali ya upande wa pili. Kama nyumba haina njia ya pembeni, au njia hiyo nayo imezibwa, mzunguko umekwisha. Vichwa vipya vinavyoendeshwa kwa simu vimeongeza tatizo hili, kwa kuwa kidole kimoja kinaweza kufunga nyumba nzima kwa wakati mmoja.

Kaeni kikao cha nyumba. Afunge kila mtu ya kwake, ila rejeta ya ukumbini ibaki wazi, na saa ya boila ipangwe kufuatana na zamu zenu, isiwake wakati hakuna mtu.

Jambo la mita halisemwi vya kutosha. Wengi wetu tunatumia mita za kulipia kabla, za mtindo wa LUKU. Salio linapokuwa dogo mtu hukimbilia kuongeza gesi, akisema gesi ndiyo joto. Gesi ikiisha, moto unazimika lakini pampu inaendelea kupoza boila kama kawaida. Umeme ukiisha moto ukiwa unawaka, kila kitu kinasimama kwa pamoja, sawa na kubonyeza ile swichi ya ukutani. Kwa hiyo ukiwa na paundi chache zilizobaki, usiuache umeme ukauke. Kama unaona salio litakwisha usiku, shusha themostati mapema boila ipoe kwa utaratibu wake. Na kampuni inayokuuzia umeme ina salio la dharura; liombe, halina aibu.

Sasa lile linaloweza kuumiza mwili, si mfuko tu.

Kwa kawaida vali ya umeme ina kiwiko kidogo pembeni cha kuifungua kwa mkono. Kazi yake ni kumsaidia fundi anapojaza maji au kuyamwaga. Mota ya vali ikifa, mtu hugundua kwamba akikivuta kiwiko na kukinasisha, maji moto yanarudi. Anafurahi, anasahau, miezi inapita. Kwenye silinda inayopokea maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba kuu, isiyo na tangi darini, vali hiyo ni sehemu ya usalama. Silinda ikipata joto kupita kiasi, kikatizi chake hukata umeme wa mota ili springi iifunge vali na maji ya boila yasiendelee kuingia. Kiwiko kilichonaswa kinaizuia springi. Rejeta zinapoomba joto, maji ya nyuzi 75 au 80 yanapita kwenye silinda bila mlinzi, na yanayotoka bombani yanakaribia joto hilo. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5. Ya nyuzi 70, sekunde moja. Ngozi ya mtoto na ya mzee haihimili hata hizo.

Juu ya hayo kuna vali ya mwisho ya usalama inayomwaga maji yanapokaribia nyuzi 90. Ukiona maji moto yanatoka kwenye bomba lake, usilizibe kamwe. Kwa presha ya bar 3, maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 143; silinda ikipasuka katika hali hiyo, sehemu ya maji hugeuka mvuke mara moja, na kila lita inayogeuka hutoa mvuke wa lita 1,600 hivi. Vizuizi vimewekwa kimoja juu ya kingine ili tusifike huko, nasi hatuna ruhusa ya kuviondoa kimoja kimoja kwa sababu tumechoka kumsubiri fundi. Novemba 2006, mjini Taunton, themostati ya kipasha maji cha umeme iliharibika, maji yakachemka na kupanda hadi kwenye tangi la plastiki lililokuwa darini, tangi likalegea na kuvunjika, na maji yakamwagika juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Mtoto huyo alifariki. Ukisikia silinda ikichemka, au bomba la maji baridi likitoa maji ya moto, au ukiona mvuke darini, zima kipasha maji hicho, zima boila, toa watu kwenye vyumba vilivyo chini ya tangi na uite fundi wa dharura saa hiyohiyo.

Naam, zima boila. Zipo nyakati ambapo swichi ya ukutani ni lazima: maji yakivuja juu ya nyaya, ukiona moshi, ukinusa plastiki inayoungua. Hapo usifikirie pampu. Lakini harufu ya gesi ni kesi nyingine: usiguse swichi yoyote, wala ya taa, kwa kuwa cheche moja inatosha. Funga gesi kwenye mita kama unafika kwa usalama, fungua madirisha, toka nje, na ukiwa nje piga 0800 111 999, namba ya bure inayopokelewa saa 24 kwa England, Scotland na Wales.

Boila isiyo na kasoro utaitambua hivi: moto unazimika, mvumo wa pampu unaendelea dakika kadhaa, kisha kimya. Kwenye mfumo uliofungwa, mshale wa presha maji yakiwa baridi uko kati ya bar 1 na 1.5. Dalili za kumwita fundi ni ngurumo kama za birika, boila kujifunga mara kwa mara, presha kupanda hadi bar 3 na maji kumwagika kwenye bomba dogo la shaba nje ya ukuta, rejeta kupata moto wakati hakuna aliyeomba joto, au pampu kukata sauti sekunde ileile moto unapozimika. Hiyo ya mwisho, kwa boila inayotakiwa kuendelea kusukuma, yaweza kumaanisha aliyebadilisha pampu aliifunga kwenye waya wa vali badala ya kuifunga kwenye boila. Msiishi kwa kubonyeza kitufe cha kuiwasha upya kila siku. Boila inayojifunga inakwambia kitu.

Mnaotaka kuokoa pesa, na bei za nishati tangu 2022 zimemfanya kila mtu atake, njia ipo. Shusha themostati ya chumba kwa nyuzi 1 au 2. Shusha joto la maji yanayotoka kwenye boila kwenda kwenye rejeta. Boila isiyo na silinda hufanya kazi vizuri kwa nyuzi 60 au chini yake, tena ndipo inapovuna joto la moshi vizuri zaidi. Silinda yenyewe iache kwenye nyuzi 60, maana maji yakiwa vuguvugu bakteria wa legionela wanaweza kuzaana. Unapotaka kuzima, zima kwa themostati au kwa saa. Katika theluji, umeme uliokatwa unaondoa pia ulinzi wa boila dhidi ya kuganda, kwa kuwa boila nyingi hujiwasha zenyewe maji yakikaribia kuwa barafu.

Na msiogope kumwambia mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba wa England atunze na kutengeneza mitambo ya joto na ya maji moto. Kanuni za usalama wa gesi za 1998 zinamtaka ahakikishe vifaa vya gesi vinakaguliwa kila mwaka na akupe nakala ya ripoti. Tangu Oktoba 2022, England, chumba chenye boila ya gesi lazima kiwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Anayefungua kifuniko cha boila ya gesi awe na kitambulisho cha Gas Safe Register chenye picha yake, na nyuma yake zimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Kigeuze ukisome mbele yake. Mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, taja tarehe, eleza dalili, piga picha ya mshale wa presha. Ujumbe wa simu unatosha, mradi usiufute.

Kwenye nyumba ya kushirikiana, bandika karatasi juu ya ile swichi leo: "Usizime. Tumia themostati." Iandike kwa Kiswahili na kwa kila lugha inayosemwa humo ndani, kabla saa hazijarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba.